Sakafu ya Barafu: Udongo wa Aktiki na Vyote Ulivyovigandia

Kifaa chenyewe ni fimbo ya chuma tu, ndefu kiasi cha mita moja, yenye kishikio juu. Mwezi wa Agosti, kwenye tambarare zilizo nje ya mji wa Utqiaġvik, kaskazini kabisa mwa Alaska, mtafiti huisimamisha fimbo hiyo juu ya majani na kuisukuma chini kwa uzito wa mwili wake. Inapita kwenye majani mabichi, inapita kwenye mboji ya kahawia inayochuruzika kama nguo iliyokamuliwa nusunusu, inaingia kwenye tope la kijivu, halafu ko! Imegota. Anajaribu pembeni kidogo: ko! vilevile. Hubana kidole usawa wa ardhi, huichomoa fimbo na kuipima. Sentimita 34, pengine 38. Huandika, kisha hutembea mita 100 hadi kwenye kigingi kinachofuata. Katika vituo vingi vya mtandao wa kimataifa ulioanza kupima kina hicho miaka ya 1990, uwanja wa kupimia ni mraba wa kilomita moja kwa kilomita moja, na vigingi vyake ni 121.

Kilichoizuia fimbo si mwamba. Ni udongo ule ule uliogandishwa na baridi ukawa mgumu kama zege. Wataalamu huuita pamafrosti: ardhi ambayo joto lake halijapanda juu ya nyuzi sifuri kwa angalau miaka miwili mfululizo. Hiyo miwili ni masharti ya vitabuni tu. Utqiaġvik ardhi imeganda kwa maelfu ya miaka, na ukichimba utakuta imeganda hivyo kwa mamia ya mita kwenda chini. Juu ya uzito huo wote kuna ngozi nyembamba inayoyeyuka kila majira ya joto na kuganda tena kila majira ya baridi. Mizizi yote, wadudu wote na karibu maji yote yanayotembea yamo ndani ya ngozi hiyo.

Kwa hesabu ya mvua, Utqiaġvik ni jangwa. Ukijumlisha mvua na theluji ya mwaka mzima, theluji yenyewe ikiwa imeyeyushwa, unapata milimita 115 hadi 140 hivi, chini ya kile kinachoanguka Lodwar, mji wa Turkana ambao kila Mkenya anaujua kwa ukame wake. Lakini Lodwar mtu hutembea akitimua vumbi, na Utqiaġvik hutembea akichota maji kwa buti. Ukiitazama nchi hiyo kutoka kwenye ndege, maziwa na madimbwi yanakaribia kuwa mengi kuliko nchi kavu. Jua la kaskazini ni hafifu, kwa hiyo mvuke unaopanda ni mdogo; na maji yanayotaka kushuka hayana pa kwenda, kwa kuwa chini yake kuna sakafu ya barafu isiyopitisha maji. Mvua kidogo inayoanguka hubaki pale pale, kama maji kwenye karai.

Kiswahili kina bahati yake katika habari hii. Sukari huyeyuka kwenye chai, na barafu huyeyuka juani. Lugha nyingine zina vitenzi viwili kwa mambo hayo, sisi tunatumia kimoja. Maji huganda, na mtoto anayeogopa wageni humganda mama yake. Sayansi ya udongo wa Aktiki karibu yote imo ndani ya vitenzi hivyo viwili, kwa maana zake zote kwa pamoja. Kinachoyeyuka kwa joto hufungulia kile kilichoyeyuka majini, na udongo unaoganda huwa umegandia pia chumvi, naitrojeni, chuma, zebaki na mabaki ya mimea iliyokufa kabla ya historia kuandikwa.

Mshikaji wa kwanza wa maji yuko juu kabisa, na ni mmea. Mmea huo, sfagnamu, hauna mizizi wala maua. Hukua kwenye ncha yake huku sehemu ya chini ikifa na kugeuka mboji. Seli zake nyingi ni tupu, na kuta zake zina vitundu, kwa hiyo mmea mzima ni kama sifongo: konzi moja iliyokauka huweza kubeba maji yenye uzito wa mara 15 hadi 20 ya uzito wake. Tena sfagnamu haishiki maji peke yake. Huchukua kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye maji hayo na kulipa kwa ioni za haidrojeni, na malipo hayo huyafanya maji yanayobaki yawe ya tindikali. Mimea mingi haiwezi kuishi hapo, bakteria wa kuozesha hufanya kazi kwa unyonge, na mboji inazidi kurundikana.

Mboji hiyo ndiyo koti la pamafrosti, nalo ni koti la ajabu. Majira ya joto tabaka lake la juu hukauka, na mboji kavu huzuia joto kushuka. Majira ya baridi imelowa na kuganda, na barafu hupitisha ubaridi vizuri kuliko maji. Ardhi huvaa koti wakati wa joto na kulivua wakati wa baridi, na hivyo kubaki imeganda hata mahali ambapo hewa pekee isingeweza kuigandisha.

Chini ya mboji kuna tope laini na udongo wa mfinyanzi. Punje za mfinyanzi ni bapa, ndogo mno, na nyuso zake zina chaji hasi, kwa hiyo ioni zenye chaji chanya kama kalsiamu, potasiamu na amoniamu hujibandika juu yake. Huo ndio ushikaji unaofundishwa katika kila darasa la kilimo, kuanzia Morogoro hadi popote. Jambo ambalo darasa la nchi za joto halina sababu ya kulifundisha ni kwamba udongo ukiganda, maji yake hayagandi yote. Kuzunguka kila punje hubaki utando mwembamba wa maji ambayo hayajaganda hata joto liwe nyuzi kadhaa chini ya sifuri, kwa sababu uso wa punje umeyashika kwa nguvu kiasi kwamba hayawezi kujipanga kuwa barafu. Mfinyanzi una nyuso nyingi, kwa hiyo una utando mwingi; mchanga una kidogo sana. Ardhi inayoonekana imekufa kwa baridi ina mishipa midogo ya maji ndani yake.

Na maji hayo hutembea. Mwaka 1929 na 1930, mwanajiolojia wa Marekani Stephen Taber, aliyefanya kazi South Carolina, mahali ambapo hakuna mtu angetegemea kukuta bingwa wa baridi, alichapisha majaribio yaliyobadilisha somo hili. Watu waliamini kwamba ardhi iliyoganda huvimba na kupasua barabara kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi. Taber aligandisha udongo wa mfinyanzi kuanzia juu na kuukuta umejipanga kwa matabaka: barafu safi, udongo, barafu safi, udongo. Uvimbe ulikuwa mkubwa kuliko maji yaliyokuwamo tangu mwanzo. Kisha akafanya jambo la kijasiri. Alibadilisha maji akatumia benzini, kimiminika ambacho hunywea kinapoganda. Udongo ulivimba vilevile. Kwa hiyo kutanuka hakukuwa chanzo. Barafu inayokua huvuta kimiminika kupitia ule utando mwembamba, kutoka upande wenye joto kwenda upande wenye baridi, ikajijenga tabaka kwa tabaka. Hadi leo kila mhandisi anayejenga nyumba Siberia au barabara Alaska anaishi na matokeo ya jaribio hilo.

Hapo ndipo chumvi inapoingia, na watoto wa Pwani wanaijua fizikia yake bila kuambiwa. Mtoto akinunua barafu ya ubuyu ya kifuko, akitoboa kona na kufyonza, utamu na rangi hutangulia. Baada ya muda anabaki na kipande cheupe kisicho na ladha. Maji yanapoganda hujipanga kwa mpangilio usiokubali kitu kigeni, kwa hiyo sukari husukumwa nje na kujikusanya katikati ya vipande vya barafu. Udongo wa Aktiki hufanya hivyo kila mwaka. Kila vuli, baridi inaposhuka kutoka juu huku nyingine ikipanda kutoka kwenye sakafu, ioni husukumwa mbele ya barafu na kubanwa ndani ya utando wa maji unaozidi kuwa mwembamba na wenye chumvi kali. Chumvi hiyo nayo huzuia maji yaliyobaki yasigande.

Hali hiyo ikifika kikomo chake, hupatikana kitu kisichosadikika kwa urahisi. Nje ya Utqiaġvik kuna handaki lililochimbwa ndani ya pamafrosti miaka ya 1960. Huko chini joto ni nyuzi 6 hivi chini ya sifuri mwaka mzima, na bado watafiti wamekuta mifuko ya maji yasiyoganda, yenye chumvi zaidi ya mara tatu ya chumvi ya bahari. Ni mabaki ya bahari ya kale, yaliyofungiwa na barafu na kukolezwa nayo. Ndani yake mna bakteria walio hai.

Kabla ya kuganda kabisa, ardhi hupitia wiki za ukimya ambamo kipimajoto hukaa sifuri bila kusogea. Maji yanapoganda hutoa joto, na joto hilo hupambana na baridi ya juu, siku baada ya siku, mpaka maji yatakapokwisha. Katikati ya tabaka mbili zilizoganda kunabaki tope lililo hai. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2016, kutoka vituo vya kaskazini mwa Alaska, vilionyesha kwamba angalau nusu ya methani ya mwaka mzima hutoka katika miezi ya baridi, na wiki hizo za sifuri zina mchango mkubwa. Kwa miaka mingi watafiti walifunga mizigo na kurudi makwao mwishoni mwa Agosti, wakidhani ardhi imelala.

Barafu nyingine huja kwa njia ya nyufa. Baridi kali ya Januari huifanya ardhi inywee hadi ipasuke, na mlio wake husikika. Masika yakifika, maji ya theluji huteremka ndani ya ufa na kuganda. Mwaka unaofuata ufa hufunguka pale pale. Baada ya karne nyingi kunakuwa na kabari ya barafu yenye upana wa mita au zaidi, na kabari hizo hukutana zikaigawa nchi nzima katika maumbo ya pembe nyingi, kama matope ya bwawa lililokauka lakini kila kipande kina upana wa mita 10 hadi 30. Mmarekani Ernest de Koven Leffingwell, aliyeishi kwenye kisiwa cha Flaxman mwanzoni mwa karne ya 20, ndiye aliyeeleza kwa ufasaha jinsi kabari hizo zinavyokua. Kingo zake huinuka na kufanya kila kipande kuwa sinia la maji. Kabari ikianza kuyeyuka, kingo hubomoka, mfereji hufunguka, na sinia lililoshika maji kwa karne hukauka kwa msimu mmoja.

Wenyeji wa nchi hiyo, Wainupiati, waliitumia sakafu ya barafu kabla ya sayansi kuipa jina. Siġḷuaq ni ghala linalochimbwa wima hadi ndani ya ardhi iliyoganda. Mtu hushuka kwa ngazi kwenye giza, ukutani kuna fuwele za barafu, na nyama ya nyangumi aliyevuliwa masika hukaa humo hadi sherehe za mwaka unaofuata. Nyama hiyo ni ya familia, ni ya wageni, ni ya wajane na wazee wasioweza kwenda baharini. Baadhi ya maghala hayo sasa yanaingiza maji. Fimbo ya chuma inaposhuka sentimita chache zaidi, mtafiti huandika tarakimu. Mwenye ghala hulazimika kutafuta pa kuweka chakula cha watu.

Kitu ambacho udongo huo hauachii kirahisi ni naitrojeni. Ipo kwa wingi, lakini imefungwa ndani ya mabaki yasiyooza, na mimea ya juu inaishi kwa njaa. Njaa imeifundisha mbinu. Mwaka 1993 watafiti wa Alaska walionyesha kwamba ukoka mmoja wa tundra, ule unaotoa vishungi vyeupe kama pamba, hunyonya asidi za amino moja kwa moja bila kungoja bakteria wazivunje. Vitabu vilikuwa vikisema mmea hauishi hivyo.

Kwenye kituo cha utafiti cha ziwa Toolik, kusini mwa Utqiaġvik, chini ya milima ya Brooks, wanasayansi waliamua kuuliza kinyume: je, udongo ukipewa mbolea? Kuanzia mwaka 1981 waliweka naitrojeni na fosforasi kila mwaka kwenye vipande vya tundra. Mimea ilinawiri, ukuaji ukawa karibu mara mbili, vichaka vya mbetula vikafunika ukoka. Mtu yeyote angetegemea kaboni iongezeke. Miaka 20 baadaye walichimba wakakuta kila mita ya mraba imepoteza karibu kilo 2 za kaboni, nyingi kutoka kwenye tabaka za chini. Mbolea ilikuwa imewalisha bakteria pia, nao wakaanza kula akiba ya zamani. Matokeo hayo, yaliyotoka mwaka 2004, yanapaswa kumkosesha usingizi yeyote anayetegemea kwamba kaskazini ikizidi kuwa ya kijani mambo yatajirekebisha, kwa sababu ardhi inayoyeyuka hujitilia mbolea yenyewe. Udongo wa nchi zenye pamafrosti una kaboni karibu mara mbili ya iliyomo hewani.

Kwa vitu vinavyosafirishwa na maji, swali si maji ni kiasi gani tu, bali yanapita wapi. Mwanzoni mwa Juni theluji yote huyeyuka kwa siku chache, na udongo ungali umeganda karibu hadi juu. Maji hupita ndani ya mboji tu, na mito hujaa rangi ya chai ya mkandaa. Kadiri msimu unavyosonga, sakafu hushuka, maji hufika kwenye udongo wa madini, na huko mfinyanzi na kutu ya chuma huikamata ile rangi na kutoa chumvi badala yake. Mto Yukon unaonyesha mabadiliko hayo kwa kipimo cha nchi nzima: katika kumbukumbu za zaidi ya miaka 30, kalsiamu, magnesiamu na salfeti zimekuwa zikiongezeka majini. Maji yanapita chini zaidi kuliko zamani.

Kwenye eneo la delta ya mto Mackenzie, kaskazini magharibi mwa Kanada, Steven Kokelj na Chris Burn walikuta mwaka 2003 kwamba tabaka la juu la pamafrosti, chini kidogo tu ya pale fimbo inapogota, lina barafu nyingi na chumvi nyingi kuliko udongo ulio juu yake. Ni akiba iliyojengwa na ule mvuto wa baridi na ule msukumo wa kuganda, mwaka kwa mwaka. Mteremko ukiporomoka kando ya ziwa, akiba hiyo humwagika ndani. Mtu angetegemea ziwa lichafuke. Kinyume chake, maziwa yenye maporomoko kandoni mara nyingi huwa maangavu kuliko jirani zake: mfinyanzi unaoteremka hukamata rangi ya mboji na kuzama nayo. Uangavu ule unaopendeza macho ni dalili ya jeraha.

Magharibi mwa Siberia maziwa mengine yaliyeyuka kwa ile maana ya mitaani, yaani yalitoweka. Picha za setilaiti zilizolinganishwa mwaka 2005 zilionyesha kwamba kati ya miaka ya 1973 na 1998 idadi ya maziwa makubwa ilipungua kwa 1,170, takriban asilimia 11. Yalikauka hasa kusini, ambako sakafu ilikuwa nyembamba na yenye matundu. Kaskazini, ambako bado ilikuwa imara, maji yaliongezeka.

Chuma kina hadithi yake. Kwenye mboji ya Stordalen, karibu na Abisko, Sweden, kutu iliyomo kwenye udongo hugandamana na kaboni na kuilinda. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba ardhi inapoyeyuka, ikashuka na kujaa maji, bakteria wasiopata hewa hugeukia kutu hiyo, chuma huyeyuka, na kaboni iliyokuwa imekishikilia hubaki haina mlinzi. Milimani Brooks kinachotokea ni kingine: hewa na maji hufikia mawe yenye salfidi ambayo hayajawahi kuguswa, tindikali hutoka, na vijito ambavyo maji yake yalikuwa ya kunywewa kwa viganja hugeuka rangi ya chungwa. Mwaka 2024 watafiti waliorodhesha angalau 75. Zebaki, ambayo mimea huinyonya hewani na kushuka nayo udongoni, bado imekaa kimya: makadirio ya mwaka 2018 yaliweka kiasi kilichomo kwenye udongo wa pamafrosti wa kaskazini kuwa tani milioni 1.7 hivi, kwa tofauti kubwa juu au chini, karibu mara mbili ya zebaki yote iliyomo katika udongo mwingine, bahari na hewa kwa pamoja.

Binadamu naye aliikabidhi sakafu hiyo sumu yake. Kwenye mgodi wa dhahabu wa Giant, kando ya mji wa Yellowknife, Kanada, uliofanya kazi kuanzia mwaka 1948 hadi 2004, kuchoma mawe kulizalisha vumbi jeupe la aseniki. Miaka ya mwanzo lilitoka na moshi na kutua juu ya theluji, na theluji ndiyo iliyokuwa maji ya kunywa ya Wadene, wenyeji wa asili walioishi upande wa pili wa ghuba. Mwaka 1951 mtoto wao wa miaka miwili alikufa kwa sumu hiyo. Baada ya mitambo ya kuzuia moshi kuwekwa, vumbi lilipelekwa kwenye vyumba vya chini ya ardhi kwa matumaini kwamba pamafrosti ingelifunga humo daima. Lakini mgodi wenyewe, kwa mashimo yake na hewa yake ya uvuguvugu, uliiyeyusha ardhi iliyotakiwa kuwa kufuli. Zimebaki tani 237,000, za kitu kinachoyeyuka majini kama sukari ya kwenye chai, umbali mfupi kutoka ziwa Great Slave.

Suluhisho lililochaguliwa ni kuigandisha ardhi upya. Mabomba marefu yenye kaboni dayoksaidi chini ya shinikizo husimikwa kuzunguka vyumba. Januari, hewa ikiwa nyuzi 30 chini ya sifuri, gesi hugeuka kimiminika kileleni, hushuka, hunyonya joto la mwamba, hupanda tena ikiwa gesi na kulitapika joto hilo nje. Mabomba hayo hayahitaji umeme wala mtu wa kuyaendesha. Yanachohitaji ni kwamba majira ya baridi yaendelee kuwa baridi, na kwamba mwaka hadi mwaka apatikane mtu wa kwenda kusoma vipimajoto vilivyoshushwa ndani ya mwamba.